Kisu Butu cha Msusi

Kisu tulikiacha hewani wiki iliyopita, na najua mmenisema sana. Mama mmoja alinishika mkono kwenye foleni ya mkate akaniuliza kama nina roho kweli, kumwacha binti wa watu amesimama chini ya kisu kinachoshuka wiki nzima. Nina roho, mama. Tazama, ndio kinashuka.

Kwa aliyechelewa kufika: tuko sebuleni kwa Mzee Bucha, mchana mweupe. Msusi amekuja kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba wake. Mchumba mwenyewe ni fundi baiskeli, mikono yake ya haraka na maneno yake ya polepole, na mtaa mzima unamwita Breki kwa sababu zote mbili. Shangazi yake ana msichana mwingine aliyemchagulia, binti wa rafiki yake, mpole, asiyegusa hata mkasi. Shangazi huyo alijitia kusogeza mkoba wa mgeni, mkoba ukafunguka, na ndani yake akatoa kisu cha kipepeo: bapa la chuma katikati, na mipini miwili inayokunjuka kama mbawa na kulifunika.

Shangazi akakiinua juu watu wakione. Msusi akamnyang'anya. Na mkono wake, kwa mazoea, ukafanya kile unachofanya kila siku saluni wateja wakiwa wanasubiri nywele zikauke. Ukakirusha.

Sasa Shangazi amejifunika kichwa kwa mto wa kochi. Mama yake Breki amekumbatia birika la chai. Breki amefungua mdomo na maneno yamegoma kutoka.

Tak. Msusi akakidaka nyuma ya mgongo, mipini ikajifunga.

"Samahani," akasema. "Mkono umenitangulia."

Mto ukashuka taratibu. "Ameniua," Shangazi akasema.

"Shangazi, mbona unaongea," Breki akasema.

"Wewe nyamaza. Kaka, umejionea? Kisu kwenye mkoba, nyumbani kwa watu, siku ya kwanza. Siku ya pili si atakuja na panga?"

Mzee Bucha alikuwa anakikazia macho kile kisu. Mzee huyu anauza nyama, visu ndio maisha yake, na hakuna anachokichukia kama kuona mtu anafanyia kisu mzaha. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kinaishia kwenye kiungo cha mwisho. Ukimwuliza, atakwambia ni msumeno wa mifupa, enzi za ujana, na atakwambia kwa sauti ya kukufanya usiulize tena. Breki amelelewa na kidole hicho. Kila aliposhika kisu cha mezani, kidole kilikuja mbele ya pua yake, na nyuma ya kidole ikaja sauti: kisu si cha kuchezea.

"Hiki hakikati, baba," Msusi akasema. "Ni cha mazoezi. Kimetengenezwa hivyo hivyo, bila makali."

Akakifungua, akalipitisha bapa juu ya mkono wake kutoka kwenye kiwiko hadi kiganjani. Likaacha mstari mweupe, mstari ukafutika. Akalipitisha kwenye mto wa Shangazi, na Shangazi akauvuta mto wake. Mama akaomba naye ajaribu. Akakiegemeza kisu kwenye siagi iliyokuwa mezani, siagi ikabonyea tu.

"Hiki hata siagi kinaionea haya," Mama akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

"Kisu kisichokata," Mzee Bucha akasema, kama mtu aliyeambiwa kuna ng'ombe asiye na nyama. "Lete hapa."

Msusi akampa. Na hapa ndipo mambo yalipoanza kupinda, kwa sababu Mzee Bucha alikuwa anatafuta ubovu na hakuupata. Alikikunjua kwa mikono miwili, akakikunja, akakisogeza karibu na sikio.

"Vitu vya kukunja namna hii huwa vinacheza kwenye viungo," akasema. "Hiki kimetulia."

"Kilikuwa kinacheza, baba. Siku nilipokipata kilikuwa kama jino bovu. Nikafungua skrubu, nikaweka vipete vyembamba vya shaba kila upande wa bapa. Breki alinikatia, mimi nikavisugua kwa msasa mpaka mpini ukawa unaanguka wenyewe bila kuyumba."

Mzee akamtazama mwanawe. Breki akatazama viatu vyake.

"Na skrubu hazilegei ukikirusharusha?"

"Nimezipaka rangi ya kucha kabla ya kuzikaza. Ikikauka inazishika. Ukitaka kufungua unadondoshea dawa ya kuondolea rangi."

"Rangi ya kucha."

"Ya saluni, baba. Ile inayobaki chini ya chupa."

Mzee akamwangalia Msusi vizuri. Tangu mgeni aingie alikuwa anaangalia gauni lake na mkoba wake. Sasa aliangalia mikono. Ilikuwa mikono ya kazi, ncha za vidole zimekomaa kwa kusuka, na kwenye kifundo cha mkono wa kulia umezungushwa uzi mweusi wa kusukia, kwa sababu msusi wa kweli hatoki saluni bila kubaki na uzi mahali fulani mwilini.

"Na hii nukta nyekundu kwenye mpini?"

"Huo ndio mpini wa kushika. Kwenye kisu cha kweli, mpini mmoja unatazama mgongo wa kisu na mwingine unatazama makali. Ukishika ule wa makali, kikijifunga kinakula vidole. Hiki changu hakili mtu, lakini nimejizoeza kukishika kana kwamba kinakula. Vidole vyangu ndivyo vinanilisha mimi na mama yangu."

"Kwa hiyo kama kingekuwa na makali, yangekuwa upande huu."

"Huo huo, baba."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Msomaji, lichukue hilo swali lake uliweke mfukoni. Tutalihitaji.

Shangazi aliona kochi linahama chini yake. Alikuja kumwondoa mtu, na sasa kaka yake anamwuliza mtu huyo habari za skrubu. Akaweka kikombe chini.

"Kaka, mimi sina neno," akasema, na kila anayemfahamu Shangazi anajua kwamba hapo ndipo maneno yanapoanzia. "Kama ni mchezo safi, acheze tuone. Hapa hapa. Azungushe, na amalizie na kile cha kurusha juu. Kikimwanguka, basi arudi kwao na chuma chake, na habari ya uchumba iishe. Kisipomwanguka, nitakuwa wa kwanza kushona nguo ya harusi."

"Shangazi," Breki akasema, "hiyo si..." na akakwama.

Wote wakamgeukia Mzee. Msusi alitegemea atacheka. Hakucheka. Alikuwa bado anakigeuzageuza kile kisu, mawazo yako mbali.

"Haya," akasema. "Kikianguka hakuna uchumba. Kisipoanguka tunapanga siku leo leo. Ngojeni kwanza."

Akainuka, akakitia kisu kwenye mfuko wa shati, akatokea mlango wa uani.

Haukupita muda, mashine ya kunolea ikaanza kulia huko nje.

"Usijali," Mama akamwambia Msusi, akimmiminia chai. "Ndivyo alivyo. Akiwa na jambo zito kichwani hunoa visu vya bucha. Siku Breki anazaliwa alinoa vyote mpaka akaanza kunoa mwiko."

"Anawanolea na majirani?" Msusi akauliza, kwa kutafuta la kusema.

Shangazi akaguna. "Huyo? Kisu changu cha jikoni nimemletea mara ngapi. Ananiambia mpelekee mumeo."

"Hanoi cha mtu wa nje," Mama akasema. "Anasema kisu ukikinoa, kikimkata mtu ni wewe umemkata. Kwa hiyo ananoa vya bucha lake na vya jikoni kwangu, basi. Majirani wamemchoka, wananoa kwenye ngazi."

Breki akajisogeza karibu na mchumba wake. Mashine ilikuwa inapiga kelele, hakuna aliyeweza kuwasikia isipokuwa mimi.

"Hujagusa chai," akamwambia.

"Nikikiangusha?"

"Hukiangushi."

"Nauliza nikikiangusha, Breki."

Breki akafikiri. Ni mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, na ndiyo maana alimpenda. Wanaume wengine aliowajua walijibu kabla hajamaliza swali.

"Mimi bila wewe sijui nitakuwa nafanya nini jioni," akasema mwishowe. Kwa Breki, huo ulikuwa wimbo mzima. Msusi akaubana mkono wake, akanywa chai yake.

Mashine ikanyamaza. Mzee Bucha akaingia, mikono yake myeusi kwa unga wa chuma hadi kwenye viwiko. Akakiweka kisu mezani, kimefungwa, kimefutwa vizuri, nukta nyekundu juu. Uso wake ulikuwa umekunjuka. Alionekana kama mtu mwenye habari njema.

"Nanawa nakuja," akasema. "Nina neno."

Akaelekea bafuni. Maji yakaanza kutiririka.

"Anza," Shangazi akasema.

"Si tumsubiri baba?"

"Baba anasikia kutoka huko. Ukimsubiri atakuja kukuonea huruma. Au umeogopa?"

Ukitaka kumwamsha Msusi, mwulize kama ameogopa. Akakichukua kisu.

Akasimama katikati ya zulia, mbele ya meza ndogo ya mbao iliyofunikwa kitambaa cha maua alichokifuma Shangazi mwenyewe. Akapapasa nukta kwa kidole gumba. Akakunjua kiganja, na kisu kikaruka wazi.

Tak, tak, tak. Mipini ikapigana, ikaachana, ikakutana tena upande wa pili. Kisu kikapanda juu ya vidole, kikashuka, kikajikunja kwenye kifundo. Mama akaweka birika chini. Hata Shangazi shingo yake ikaanza kufuata, huku na huku, kama mtu anayetazama mpira.

Lakini Msusi aliona kuna jambo. Kisu kilikuwa chepesi. Kidogo tu, mbele, kwenye ncha, kama mtu aliyepungua uzito akirudi kutoka safari. Akajiambia ni woga. Akaongeza kasi.

Kikazunguka kifundo cha mkono mara nyingine, na kitu cheusi kikaanguka kwenye zulia.

Akatupa jicho. Ulikuwa uzi wake wa kusukia, umekatika vipande viwili, safi kabisa.

Msomaji, unaweza kutoa lile swali mfukoni sasa.

 Mkono wa Msusi haukusimama, maana ungesimama vibaya pale, kidole kingebaki ndani. Aliushikilia ule mpini wenye nukta kuliko alivyowahi kushika kitu chochote maishani mwake. Kisu ambacho kilishindwa na siagi sasa kilikuwa kinakata uzi hewani, na hakujua kwa nini, na hakukuwa na nafasi ya kuuliza.

Mlangoni, Mzee Bucha alikuwa ametokeza na mikono inayodondoka maji. Aliona. Rangi ya uso wake ikabadilika. Alifungua mdomo, akaufumba. Miaka yote ya kazi yake alikuwa amewafundisha vijana wa bucha kwamba mtu mwenye kisu mkononi ukimshtua, wewe ndiye unayemkata. Akabaki ameshika fremu ya mlango, hapumui.

"Na kile cha kurusha," Shangazi akasema, hana habari. "Tulisema na cha kurusha."

Msusi akakirusha.

Kilipanda hadi karibu na dari. Kule juu kikapata mwanga wa dirisha, na kikang'aa. Kisu chake hakikuwahi kung'aa hata siku moja. Kikaanza kushuka kikizunguka, mpini, makali, mpini, makali, na mkono wake ukatangulia mbele kukidaka, kwa sababu ndivyo mkono ulivyozoea.

Kulikuwa na vidole vyake, na kulikuwa na Breki. Aliviona vyote viwili kwa wakati mmoja. Alimpenda huyo kijana hadi kifua kilimwuma pale pale aliposimama. Lakini siku ya kwanza kabisa ya mazoezi alijiwekea sheria, akaifuata hata kwa kisu butu ambacho kisingemfanya kitu: kikija vibaya, kiache.

Akaurudisha mkono nyuma.

Du.

 Kisu kilikuwa kimesimama wima katikati ya meza, kimechoma ua la kitambaa cha Shangazi na kuzama kwenye mbao. Mipini ilikuwa inatikisika.

Shangazi ndiye aliyepata sauti kwanza. "Kimeanguka," akasema. Halafu akakitazama tena. "Na kinakata. Alisema hakikati. Kaka, njoo uone, ni mwongo pia."

 Msusi alikuwa anahesabu vidole vyake kwa kidole gumba, na machozi yalikuwa yanamtoka. Vidole vyote vilikuwepo. Ni Breki aliyempoteza.

"Sasa hivi tu kilikuwa hakikati," akasema kwa sauti ndogo. "Wallahi, mama, si ulikijaribu mwenyewe?"

"Nimekinoa mimi," Mzee Bucha akasema kutoka mlangoni.

Wote wakageuka.

"Wewe?" Shangazi akasema.

"Kilikuwa butu."

"Baba, kilitengenezwa butu," Breki akasema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kumwambia baba yake siku hiyo, na alikuwa amesimama.

"Kwangu hakitoki kisu butu." Mzee akajifuta mikono kwenye suruali, kitu ambacho Mama angekitolea maneno siku nyingine. "Nilikiangalia, nikaona viungo vyake vimetengenezwa kwa akili, kimekosa makali tu. Nikasema nimrudishie kikiwa na heshima yake. Ule mchezo nilikuwa nakuja kuufuta, ndilo neno nililokuwa nalo. Nikakuta mmeshaanza. Ningeita, angekatika. Nisamehe, binti. Sijaogopa hivyo siku nyingi."

Mama alikuwa anamtazama mumewe kwa jicho jembamba.

"Baba watoto," akasema. "Tangu lini unanoa visu vya watu?"

Mzee akajifuta tena mikono kwenye suruali.

"Nijibu. Cha dada yako mpaka leo umekikataa. Cha jirani hapa ukutani umekikataa na ugomvi ukatokea. Leo umenoa kisu cha mgeni?"

"Sijanoa kisu cha mgeni," Mzee Bucha akasema, akitazama zulia. "Nimenoa cha mkwe wangu."

Msusi akakaa chini, pale pale kwenye zulia, gauni lake la kutambulishwa likiwa limejikunja. Alilia na kucheka kwa pamoja na hakujali nani anamwona. Breki akapiga magoti kando yake. Hakusema kitu, na safari hii hakukuwa na haja.

"Kaka," Shangazi akasema, sauti imepungua nguvu, "lakini tulikubaliana. Kimeanguka."

Mzee akasogea hadi mezani. Akainama, akakiangalia kile kisu upande huu na upande ule, kama anavyoangalia paja la ng'ombe mteja akilalamika.

"Kilichoanguka si kinalala?" akasema. "Hiki mbona kimesimama. Kalete futi ya kupimia nguo, dada. Umesema utashona wewe."

Mama akaangua kicheko. Hata Shangazi mdomo ulimcheza, akauzuia. Ningependa kuishia hapo, nifunge mlango taratibu niwaache wapange siku. Lakini Mzee Bucha akafanya kosa.

Alikishika kisu akaking'oa mezani. Ua la kitambaa likaja nacho, akalipuliza likadondoka. Alitaka tu kukifunga amrudishie mwenyewe. Alikuwa anaongea, anamwambia Msusi kwamba siku nyingine akitaka kukichezea amletee akiondoe makali, na kwa kuwa alikuwa anaongea hakuuangalia mkono wake.

Mkono ukakunja kifundo. Tak, tak. Kisu kikapanda mgongoni mwa vidole, kikatambaa juu ya kidole gumba, kikajipindua, kikapita chini ya kile kidole kifupi cha shahada bila kukigusa, kikaruka nusu pima, kikarudi kiganjani kimefungwa. Mpini wenye nukta ulikuwa umekaa panapotakiwa.

Kicheko kikakatika. Msusi akafuta macho ili aone vizuri. Ule mzunguko wa kidole gumba ulimchukua mwaka mzima kuupata, na hadi leo haujawahi kumtoka mlaini vile.

Mzee Bucha akakitazama kisu mkononi mwake kana kwamba kimewekwa pale na mtu mwingine. Akauficha mkono nyuma ya mgongo, akiwa mzee mwenye mvi.

"Ndiyo hivyo, basi," akasema. "Chai imepoa."

Akatupia jicho mlango wa uani. Mkewe alikuwa ameshasimama hapo, mikono kiunoni, anakitazama kile kidole kifupi alichokipikia uji na kukifunga bandeji mwaka waliooana.

"Rudia," Mama akasema. "Halafu ukae hapo, unieleze upya habari za ule msumeno wa mifupa."